Herufi Moja Moja

Mafundi walimwita Bibi Darasa, kwa sababu alianza masomo ya jioni akiwa na miaka hamsini na moja na hakukosa hata kipindi kimoja. Asubuhi hiyo kioo cha mashine ya kuchonga vyuma kilionya kwamba betri zimechoka. Akakumbuka alivyofundishwa: zima umeme kabla hujagusa kitu. Akazima, akabadilisha betri tatu, akawasha.

Mashine haikujijua. Vipimo vyote vilivyoiambia mkono wake una urefu gani na sifuri yake iko wapi vilikuwa vimefutika.

Mdogo wake, msimamizi wa karakana, ndiye aliyemwombea nafasi ya kazi hapo kwa tajiri mwenye karakana. Alishika kichwa. Akamweleza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba betri za mashine hii hubadilishwa ikiwa inawaka, la sivyo inasahau kila kitu. Tajiri angefika saa sita. Naye alishaapa kwamba fundi mwingine akiiua mashine ile, msimamizi ndiye atakayefungasha virago.

Nakala ya vipimo ilikuwamo kwenye kompyuta kuukuu, na njia ya kuirudisha ilikuwa kebo moja inayopitisha herufi moja moja, kwa foleni. Lakini mashine ilikuwa imesahau hata mwendo wake wa kupokea herufi. Bibi Darasa akaupanga kwa mkono, akakosea, akapanga tena. Mara ya nne herufi zikaanza kuingia, kisha zikakwama. Akarudia. Zikakwama palepale.

"Bibi Darasa," mchomeleaji akauliza, "hili somo la kuua mashine mlifundishwa Jumatatu au Jumanne?"

Hakuna aliyecheka, hata mchomeleaji mwenyewe.

Mdogo wake akaipima kebo. Waya ambao mashine huutumia kusema "subiri" ulikuwa umekatika ndani, kwa hiyo kompyuta iliendelea kuilisha, kama anayemlisha mtu ambaye mdomo wake umejaa. Kebo nyingine ingefika baada ya siku mbili.

Bibi Darasa akasali kimoyomoyo, bila maneno ya kupamba: Mungu wangu, asifukuzwe kwa ajili yangu. Kisha akasema, "Tuilishe polepole mpaka isiwe na haja ya kusema subiri."

Wakashusha mwendo hadi ule wa chini kabisa. Ingechukua dakika arobaini na tano, na ilikuwa saa tano na nusu. Plagi ya kebo ilikuwa imelegea, basi Bibi Darasa akachuchumaa akaishikilia kwa mikono miwili, asithubutu hata kukohoa.

Saa sita kamili tajiri akaingia, akauliza nani aliyezima mashine.

"Mimi," akasema mdogo wake.

Tajiri akainama kuichomoa kebo. Alisema wamechezea vya kutosha, ataleta fundi wake.

"Ni mimi, mzee," akasema Bibi Darasa. "Huyu hakuwepo. Na ukichomoa sasa, yote yaliyoingia yamepotea."

Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Tajiri akamtazama, akavuta kiti. Robo saa ikapita. Kioo kikaonyesha kwamba herufi zimekwisha. Msimamizi akabonyeza, mashine ikajongea hadi kwenye sifuri yake, ikatulia bila king'ora.

Tajiri akasema msimamizi abaki kazini. Dada yake asiguse tena mashine yoyote; ufagio uko kona ile.

Mdogo wake akafungua mdomo kubisha. Bibi Darasa akamkanyaga mguu.

"Asante, mzee," akasema, na alikuwa anamaanisha.