Fomu ya Maumivu ya Kondoo wa Kumi na Saba

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe 14 Novemba, kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Saa tatu Valko alikuwa ameketi na mkewe Nedyalka kwenye benchi la hospitali ya mkoa. Profesa Svilen, bingwa wa moyo, aliwaambia bila kuinua macho kwenye makaratasi kwamba vali ya moyo wa mama huyu imechakaa kama bawaba ya lango la zizi, lakini nafasi za upasuaji za mwaka huo zimekwisha. Warudi Januari. Saa saba Valko alikuwa kazini kwake, kwenye Taasisi ya utafiti iliyo nje ya mji, ameshika kichwa cha kondoo jike aliyelazwa juu ya meza ya chuma, na Profesa Svilen yuleyule, sasa kavaa kofia ya kijani, alikuwa anampachika kondoo huyo vali mpya inayong'aa.

Nafasi za kondoo hazikuwa zimekwisha.

"Mshike vizuri, mzee Valko," alisema profesa. "Mwenzako huyu ana miadi tangu Machi."

Valko akamshika vizuri. Alikuwa mchungaji wa ushirika wa kijiji tangu ujana wake, hadi ushirika ulipovunjwa, wakubwa wakagawana matrekta na wachungaji wakagawana upepo. Taasisi ilimchukua kwa sababu madaktari wake walijua kila kitu cha ndani ya kondoo, ila hawakujua kumkamata. Jina lake kwa Kibulgaria ni mbwa mwitu, na Zafira, mama wa usafi, hakuchoka nalo. "Nchi hii, jamani!" alisema kila asubuhi akipita na ndoo. "Zizi wamempa mbwa mwitu!"

"Afadhali mimi," Valko alimjibu. "Mbwa mwitu anakula mmoja, anashiba."

Kondoo hakupewa jina, alipewa namba, Kumi na Saba. Pamoja na namba alipewa chumba chenye joto, nyasi kavu zilizopimwa, kioo ukutani ili asijione mpweke, na fomu. Fomu ya Maumivu ilijazwa kila asubuhi na kila jioni, na mjazaji alikuwa Valko. Ilimtaka amtazame kondoo usoni na kutoa alama, sifuri hadi mbili: macho yamefumba kiasi gani, mashavu yamekaza kiasi gani, midomo, pua, masikio. Unajumlisha. Ikifika nne, unapiga simu, na kabla nusu saa haijaisha daktari wa mifugo anakuja mbio, anafungua kabati lenye funguo mbili na kumchoma mnyama sindano ya dawa ya maumivu. Sheria ya Ulaya hiyo, walimwambia. Mnyama asiteseke bila sababu.

Valko alifunzwa fomu hiyo siku mbili na akapewa cheti, cheti cha kwanza maishani mwake baada ya kile cha ubatizo. Nedyalka alikitundika jikoni. "Sasa nimeolewa na msomi," alisema akicheka, kisha akakaa chini kupumzika, maana kicheko nacho kilikuwa kimeanza kumchosha.

Wiki ya kwanza ya Desemba hakuinuka tena kitandani. Maumivu yalimkaba kifuani na pumzi ikawa inakuja kwa mafungu. Daktari wa kijiji alikuja Ijumaa, akasikiliza, akatikisa kichwa na kusema dawa kali ya maumivu inaandikwa kwenye kitabu maalumu, na mwenye kitabu maalumu yuko likizo hadi Jumatatu.

"Jumatatu?" Valko aliuliza. "Na maumivu nayo yako likizo hadi Jumatatu?"

"Mzee, usinitukane. Mimi sitengenezi sheria."

Hakuna anayezitengeneza. Katika maisha yake yote Valko hajakutana na mtu hata mmoja anayetengeneza sheria, na bado zipo, na kila siku zinaongezeka.

Jumapili asubuhi alikwenda Taasisi kumlisha Kumi na Saba, akamkuta Profesa Svilen amekuja kumwona mgonjwa wake, maana kondoo alikuwa na daktari hata Jumapili. Valko alivua kofia. Hakuwa mtu wa kuvua kofia.

"Profesa, mke wangu analia kwa maumivu. Niazime chupa moja ya kondoo. Moja tu."

Profesa alimtazama kama mtu aliyeombwa kuiba kanisani. "Mzee Valko! Hiyo ni dawa ya wanyama. Kumpa binadamu dawa ya mnyama ni kinyume cha maadili."

"Si ileile? Hata jina la chupa ni lile daktari alilolitaja."

"Ni ileile," alikubali profesa. "Lakini kabati si lilelile."

Valko alirudi nyumbani. Mfukoni mwa koti alikuwa na kitabu cha fomu, na kwa kuwa mikono yake haikuwa na kingine cha kufanya, aliketi kando ya kitanda, akamtazama mkewe usoni kama alivyofunzwa, akajaza. Macho, mbili. Mashavu, mbili. Midomo, mbili. Pua, moja. Masikio, sifuri, maana masikio ya Nedyalka yalikuwa yametulia, madogo, yenye hereni za harusi yao. Jumla, saba. Jinsia: alitia alama kwenye kisanduku cha jike, kwa sababu visanduku vilikuwa viwili tu. Uzito: kilo hamsini na nane. Namba ya mnyama aliiacha tupu. Mahali pa dawa iliyotolewa aliandika: hakuna. Akatia sahihi, akaandika tarehe, akakaa kungoja ile nusu saa. Kwa nini aliingoja hakujua, lakini aliingoja yote.

Nedyalka alifariki Jumatatu, saa mbili kabla mwenye kitabu hajarudi.

Tangazo lake la kifo, lenye picha yake akiwa na kitambaa cha maua, Valko alilibandika mlangoni kwake na jingine kwenye lango la Taasisi. Profesa Svilen alilisoma, akasema ni pigo kubwa, akaingia ndani kusikiliza moyo wa kondoo.

Moyo ulikuwa safi. Vali ile ilikuwa na mlio, na mtu akiweka sikio ubavuni mwa Kumi na Saba aliusikia: tik, tik, tik, kama saa ya ukutani kwenye nyumba tulivu. Valko aliweka sikio mara moja kwa kazi. Kisha akaweka kila siku. Si kwamba alimpenda kondoo. Alichinja wa kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, na hajawahi kumlilia kondoo isipokuwa akiwa na mfupa mwingi. Lakini huyu alikuwa anatembea na kitu ambacho Nedyalka alikikosa kwa wiki chache, na kilikuwa kinafanya kazi. Mtu anaweza kukichukia kitu kama hicho. Valko alijaribu kumchukia kondoo majira yote ya baridi. Machi mosi, siku ya kufungiana nyuzi nyekundu na nyeupe, aliukuta mkono wake ukimfunga Kumi na Saba uzi shingoni, kama Nedyalka alivyowafunga wanakondoo wote wa ushirika. Daktari wa mifugo aliukata na kuandika kwenye faili: kitu kigeni kimepatikana mwilini.

Mwisho wa Aprili ikaja barua. Jaribio linaisha tarehe 14 Mei. Vali imefaulu. Kwa hiyo Kumi na Saba auawe, ili vali itolewe ionekane imefaulu vipi.

Valko aliandika ombi kwa mkono wake. Aliomba apewe kondoo. Ana zizi, ana nyasi, na vali wataipata siku Mungu atakapomchukua mwenyewe.

Ombi lilipelekwa kwenye Kamati ya Ustawi wa Wanyama, na hapo ukatokea mkasa. Sheria inataka kamati iwe na mtu mmoja asiye msomi, mwananchi wa kawaida, na wa Taasisi alikuwa amehamia Hispania kwa binti yake. Bila yeye akidi haitimii. Dokta Tumbeva, mwenyekiti, alitazama dirishani, akamwona Valko akisukuma toroli la samadi.

"Mzee Valko, njoo ukae hapa. Wewe ndiye mwananchi wa kawaida."

"Lakini mnalijadili ombi langu."

"Ndiyo maana utakaa bila kusema na bila kupiga kura. Tunakuhitaji kwa kuhesabiwa tu."

"Hayo nimeyazoea," alisema Valko, akakaa. "Ndivyo tunavyofanywa kila uchaguzi."

Kamati ilijadili kwa saa mbili, ikila pai ya jibini. Mwanasheria alihofia sikukuu ya Mtakatifu Georgi, wiki moja mbele, ambapo kila nyumba ya Bulgaria inachoma mwanakondoo. Mnyama wa utafiti akiingia kwenye tanuri la mtu, Taasisi itasemwaje? Daktari wa mifugo alihofia zizi halina kioo. Lakini aliyemaliza mjadala ni Dokta Tumbeva, aliyelifunga faili kwa viganja vyote viwili.

"Tuwe wakweli kimaadili," alisema kwa sauti ya upole. "Kondoo ni mnyama wa kundi. Anateseka akiwa peke yake. Nyumba ya mwombaji ina mtu mmoja, mzee, mjane, mwenye huzuni. Kumpeleka kiumbe huko akaishi na upweke wa namna hiyo ni ukatili. Kwa ustawi wake mwenyewe, auawe."

Mikono minne ikainuka.

"Naomba kuuliza," alisema Valko.

"Huruhusiwi kusema, mzee."

"Mimi ni mnyama wa aina gani? Kama kondoo akiishi kwangu ni ukatili, mimi ninayeishi kwangu kila siku, kamati yangu imekaa lini?"

Dokta Tumbeva alimgusa bega. "Elewa, mzee wangu. Kondoo huyu anakufa kwa ajili ya wagonjwa kama marehemu mkeo."

"Na marehemu mke wangu alikufa kwa ajili ya nani?"

Katibu alimtazama mwenyekiti kama aliandike hilo. Mwenyekiti alikataa kwa kidole.

Walipotoka kunawa mikono, faili la Kumi na Saba lilibaki mezani, nene, limejaa fomu zenye sifuri na moja. Ndani yake kila mguno wa kondoo ulikuwa na tarehe, saa na sahihi. Valko alitoa mfukoni karatasi yake ya tarehe 8 Desemba, iliyokunjwa mara nne, akaichomeka mahali pake kwa tarehe. Hakuwa na hila yoyote. Alitaka tu Nedyalka naye awe kwenye faili fulani.

Tarehe 13 Mei, siku moja kabla ya kisu, alikuja mkaguzi kutoka Sofia, Bwana Radoy, mwenye mkoba na mafua. Alifungua faili mbele ya wote: Tumbeva, Svilen na Valko aliyeitwa kumshika kondoo. Alifunua, akafunua, akasimama.

"Hii ni nini?" Uso ulimbadilika rangi. "Alama saba! Saba, na dawa hakuna! Wala hana namba! Jike, kilo hamsini na nane, tarehe nane Desemba, ameachwa na maumivu saba bila sindano? Mabwana, mimi nimekagua wafugaji wa kuku, nimekagua watu wa sarakasi. Unyama huu sijauona!"

Dokta Tumbeva alishika ukingo wa meza. Profesa Svilen alisema si mnyama wake, wake wote wana namba.

Bwana Radoy hakusikiliza. Alilifungua daftari la ukaguzi, lile lililoshonwa kwa uzi na kupigwa muhuri wa nta, kurasa zake zimehesabiwa, akaandika swali kwa wino, kwa hasira, huku akisoma kwa sauti. Ndipo Valko aliposema, "Huyo si kondoo, bwana. Ni mke wangu."

Kisha Bwana Radoy akashusha pumzi, akafuta pua, na rangi ikamrudia.

"Mtu?" alisema. "Ah! Ni mtu tu? Mzee, umenitoa roho!"

"Basi futa hilo swali," alisema Dokta Tumbeva, akicheka kidogo.

"Daftari hili halifutwi. Ukurasa ukifutwa, nafungwa mimi."

"Basi tujibu kwamba si mnyama wa Taasisi."

Bwana Radoy alisoma tena alichoandika, na kicheko kikamwishia. "Swali halikuuliza kama ni mnyama. Limeuliza ni nani hakumpa dawa. Na hadi lijibiwe kwa maandishi na sahihi, mnyama wa faili hili haguswi. Ni kifungu cha tisa."

Tumbeva alimsogezea Svilen kalamu. Svilen alisema yeye hospitalini alifuata idadi ya nafasi tu, na hapa alifuata kabati tu. Hospitali, ilipoandikiwa, ilijibu kwamba nafasi hupangwa na wizara. Wizara iliirudisha barua Taasisi, kwa kuwa fomu ni ya Taasisi. Nyasi za Mei zilikatwa, zikaja za Juni, na Kumi na Saba alikuwa nje uani, shingoni ana uzi mwekundu na mweupe ambao safari hii hakuna aliyethubutu kuukata. Valko kila jioni anaweka sikio ubavuni, anasikiliza, kisha anakwenda kwao kwenye nyumba ile isiyomfaa kondoo.

Daftari liko mezani kwa Dokta Tumbeva, limefunguliwa ukurasa wa arobaini na moja. Zafira hufuta vumbi pembeni yake na kusoma kwa sauti, ili wakubwa wasikie kutoka ofisini, maneno ya mkaguzi kama alivyoyaandika: "Mwenye maumivu saba, tarehe nane Desemba: ni nani alikuwa na ufunguo wa dawa, na kwa nini hakufungua?"