Alizeti ya Saa Nne

Nuru ya asubuhi ilipita kwenye mifupa yake. Ilipita kwenye picha ya eksirei aliyoiinua dirishani, ikapita kwenye vidole vitano vya rangi ya moshi, ikapita kwenye ule mstari mwembamba wa kifundoni pale mfupa ulipovunjika, kisha ikatua juu ya meza yake ya kushonea, meza ambayo kwa miezi minane haikuona hata kipande cha uzi. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili, na nyumbani walikuwa wawili tu.

"Unaiangalia ya nini tena?" akauliza mumewe, ambaye ni kinyozi na siku hiyo alichelewa kufungua kibanda makusudi. "Hospitali si walishasema mfupa umeunga?"

"Siiangalii. Naikata."

Mfupa uliunga, ndiyo. Mkono ndio uliokataa. Ulitetemeka kwenye kikombe, ulitetemeka kwenye kitana, ulitetemeka kwenye kifungo. Na fundi wa nguo asiyeweza kufunga kifungo chake mwenyewe atamwambia nani kwamba yeye ni fundi? Binti yao ndiye aliyemfunga vifungo. Binti yao ndiye aliyemsuka, aliyemkatia nyama vipande vidogo, aliyemmiminia chai nusu kikombe ili isimwagike, miezi minane, bila kununa hata siku moja.

Na sasa binti alikuwa amepata barua. Kazi ya ualimu, shule ya mbali, mwendo wa siku nzima, aripoti mapema wiki ijayo, aondoke Jumatatu. Aliisoma, akaikunja mara nne, akasema haendi.

"Nani atakufunga vifungo, Mama? Baba? Baba anajua vichwa tu."

Walicheka wote mezani. Mama naye alicheka, kisha chakula kikamshinda.

Alikwisha kusema yote ya kusema. Nenda, mwanangu. Nitazoea, mwanangu. Usinifanye nikawa mzigo, mwanangu. Maneno hayakumtoa binti hata hatua moja mlangoni. Basi mama akaona amwonyeshe kitu, kitu kilichofanywa na mkono huu huu, akishike, akigeuze, aamini. Akaenda dukani akanunua mfuko. Jamani, fundi mzima akanunua mfuko ulioshonwa na mtu mwingine! Aliuleta nyumbani ameubana kwapani kama mtu aliyeiba. Mfuko wa turubai, mweupe, mishikio miwili mirefu, mtupu kabisa, hauna ua wala neno. Mfuko wa kubebea madaftari ya watoto.

Juu ya mifupa yake mwenyewe akachora alizeti kwa kalamu. Angeitoboa ile picha, petali kwa petali, kisha angeilaza juu ya mfuko na kupaka rangi kwenye matundu. Plastiki yake ni ngumu, hainyonyi rangi, haikunjiki. Hospitali walimpa kiolezo bila wao kujua.

Mumewe akaleta wembe mpya. "Nikukatie? Mimi mkono wangu unajulikana mtaa mzima."

"Mkono wako ukanyoe. Wewe nishikie pembe."

Akashika pembe. Na fundi akauambia mkono wake, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto anayejifunza kutembea: twende, mkono, twende taratibu.

Mkono ukaenda. Ulikata kidogo ukapumzika, ulikata kidogo ukapumzika. Kati ya petali na petali aliacha vikamba vyembamba vya plastiki, maana ukikata pote, kitovu cha ua kinadondoka chini na kazi yote imekwisha. Petali ya kwanza, twende. Petali ya tano, twende. Ya kumi na mbili ilipotoka, jasho lilikuwa limemfika kidevuni. Hakukuwa na petali mbili zilizofanana, na za shambani nazo hazifanani. Saa tatu ilikuwa imegonga.

Akautandaza mfuko. Lakini kwanza akaugeuza nje ndani akague mishono, kwa sababu fundi hakubali nguo kwa uso wake, lazima aone tumbo. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kushoto, akapitisha kwenye mshono wa kulia, akatafuta kosa kwa hamu zote, asilione.

"Huyu naye anajua," akasema, kwa kinyongo.

Akaingiza kadibodi katikati ili rangi isivuje upande wa pili. Akabandika kiolezo kwa utepe wa gundi. Manjano kwenye kisosi, kipande cha sponji vidoleni. Twende, mkono, twende taratibu.

Mkono ukaruka. Sponji ikatua nje ya plastiki, ikatua mara mbili pale pale, ikateleza, ikarudi ikiwa imelowa kupita kiasi. Kadiri alivyoukaza ndivyo ulivyotetemeka. Alipoinua kiolezo, alizeti ilikuwa na manyoya, ina madoa, imevimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu.

Mumewe akainamisha kichwa. "Kuku?"

"Alizeti."

"Nimeona. Nimeona kabisa."

Mama akaipuliza ikauke, akiyaficha macho. Moyoni alikuwa amekwisha kuyapanga maneno ya kushindwa: basi abaki, basi barua irudi, basi mwanangu azeeke akinifunga vifungo. Ilimuuma hasa.

Mumewe akauchukua mfuko auweke juani, akausimamisha, akautazama, akautazama tena.

"Fundi. Mbona mishono iko nje?"

Wote wawili wakaiangalia ile mishono.

Miaka thelathini! Miaka thelathini ya kuwafokea wanafunzi wake, geuza nguo, angalia uso wa kitambaa, una macho au una vitobo? Na leo yeye mwenyewe amepaka rangi tumbo la mfuko. Kicheko kilianzia kwa kinyozi, kikamdondosha kitini. Kikamfuata yeye, kikamkamata mbavu, kikamtoa machozi yale yale aliyokuwa ameyazuia, sasa yakitoka kwa sababu nyingine. Waliinuana, wakaangaliana, wakaanguka tena.

"Mwalimu atabeba kuku kwa ndani!"

"Nyamaza! Nyamaza, nitajikojolea!"

Huku akicheka akaugeuza mfuko. Uso wake halisi ulikuwa mweupe, haujaguswa. Huku akicheka akafuta kiolezo, akabandika. Huku kwikwi zikimkata akachovya sponji, akaikamua, akagusa. Akagusa, akagusa, akagusa. Manjano kwenye petali, hudhurungi kwenye kitovu. Hakuuambia mkono kitu chochote. Alikuwa ameusahau.

Kinyozi ndiye aliyenyamaza kwanza. Alisimama vile anavyosimama wembe unapozunguka sikio la mteja, pumzi ameifunga kifuani.

Mkewe akainua kiolezo. Alizeti ilibaki, petali kumi na mbili, kingo safi.

"Mbona umenyamaza?"

"Angalia mkono wako."

Akauangalia. Ulikuwa hewani, sponji ingali vidoleni, umetulia kama mkono wa mtu yeyote. Hakuthubutu kuushusha. Labda kesho ungetetemeka tena, hakujua. Lakini leo, saa hii, ulikuwa wake, na kwa furaha akaita jina la Mungu mara tatu.

Binti alirudi kutoka sokoni na kikapu cha mboga. Akauona mfuko dirishani. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa petali moja, akauzunguka ukingo wote. Kisha akaufungua, akachungulia ndani, akakunja uso.

"Mama, hii ya ndani ya lini?"

"Ya saa tatu."

"Na hii ya nje?"

"Ya saa nne."

"Zote umepaka wewe?"

"Baba yako alishika pembe tu," mama akasema. Kinyozi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote.

Binti aliweka kikapu chini. Akauchukua mkono wa mama yake, akaugeuza kiganja juu, akaulaza juu ya wake, akasubiri. Wakasubiri wote watatu. Manjano ilikuwa imekauka chini ya kucha.

"Jumatatu ni keshokutwa," binti akasema mwishowe, "na mimi sijapanga hata nguo moja."

"Basi kapange," mama akasema. Mkono ulitulia, sauti ndiyo iliyotetemeka.