Fimbo Iliyoelekea Uwanja wa Mabafu

Jumanne saa nne asubuhi Seelan alikuwa anakula robo mkate uliojazwa maharage ndani ya gereji yake kule Chatsworth, Durban, na mezani fimbo ya kuvulia ya mteja ilikuwa inajizungusha yenyewe, taratibu, ili gundi isitiririke upande mmoja. Mota ya kuizungusha aliitoa kwenye maikrowevu iliyokufa. Hapo ndipo Anti Salatchi alipoingia na mfuko wa plastiki, akavua viatu mlangoni kana kwamba gereji ni hekalu.

"Seelan, mtoto wa Ruby. Nataka fimbo."

"Ya mjukuu, Anti?"

"Ya kwangu. Mjukuu wangu anaogopa hata dagaa."

Anti alikuwa na miaka sabini na nane, na kimo hakizidi friji. Seelan akafuta mikono, akashusha ukutani fimbo ya kaboni.

"Shika hii. Unyoya mtupu. Hata ukiwa umelala utairusha."

Anti akaipima mkononi, akamrudishia. "Hii ikivutwa, mkono utajuaje aliyevuta ni nani? Nipe ile pale."

Ile pale ilikuwa ya nyuzi za kioo, ya kahawia, nene, imesimama kona tangu enzi za marehemu baba yake Seelan.

"Anti, ile tunaanikia nguo."

"Basi ianue."

Wakachagua vilivyobaki, kimoja kimoja. Pete za kupitishia mshipi Anti alitaka za chuma, saba, si zile zenye kauri ndani, maana kauri hupasuka na yeye hana muda wa kupasukiwa. Mshiko akakataa wa koki, ile ya vizibo vya chupa, akataka kamba ya pamba izungushwe kwa mkono. Roda ya kukunjia mshipi akataka ya mbao, kubwa kama sahani ya wali, ikae chini kabisa karibu na goti, wanavyoweka watu wa Durban. Seelan akamwekea kitako cha fimbo kwapani, akamnyoosha mkono, akatia alama ya chaki vidole vilipofika. Ulikuwa mkono mfupi.

Uzi wa kufungia pete Anti alikuja nao. Ulikuwa ndani ya mfuko, mwekundu na wa dhahabu. Alikuwa ameifumua sari yake ya harusi, uzi kwa uzi, wiki tatu nzima.

"Uzi wa sari unaoza, Anti."

"Huu una miaka hamsini na tisa haujaoza. Wewe una arobaini, jiangalie."

Seelan akacheka mpaka maharage yakampalia. Halafu akauliza swali ambalo humuuliza kila mteja: anavua nini?

"Sivui. Napeleka barua."

"Ya uzito gani?"

"Ukurasa mmoja. Ndani ya nailoni."

"Ah, basi hiyo ni kazi ya kuteleza," Seelan akasema, akachukua penseli. Kwanza unarusha risasi ya kuzamishia mshipi peke yake, ile yenye kucha nne za waya. Ikishang'ata chini, unakaza mshipi, unaning'iniza mzigo wako juu yake kwa kile kiwaya kilichopinda, unauachia. Mzigo unateleza wenyewe mpaka kwenye kina. "Ila ujue, kile kiwaya kinashuka tu. Hakipandi."

"Hicho hicho," Anti akasema.

Barua ilikuwa ya kwenda kwa mume wake. Zamani waliishi Mikokoni, vibanda vya mabati kando ya ghuba, wote wavuvi wa nyavu. Malori ya serikali ya kuwahamishia Chatsworth yalikuja siku ya Jumatano, na mume alikuwa majini na mtumbwi. Karani mwenye orodha akamuuliza Anti jina la mume. Anti alikuwa na miaka kumi na tisa, ndoa ina miezi mitano. Mke wa Kitamil wa wakati ule hatamki jina la mumewe; ukilitamka unampunguzia siku. Kwa kawaida jirani ndiye humtajia, lakini jirani alishapakiwa kwenye lori la mbele. Anti akanyoosha kidole majini. Karani akatazama majini, akaona maji, akaandika: yuko peke yake.

Baadaye ghuba ilifukiwa mchanga, yeye akiwa bado majini, ikamwagwa zege. Mtu ambaye hayumo kwenye orodha hatafutwi na mtu. Barua yenyewe ilikuwa anwani tu: namba ya nyumba, namba ya barabara, basi la kupanda, na kwamba ufunguo uko chini ya chungu kilichopandwa mti wa majani ya mchuzi.

Alhamisi Seelan akatafuta mgongo wa fimbo. Kila fimbo ina mgongo, upande mmoja ulio mgumu kuliko mwingine. Unasimamisha ncha mezani, unakandamiza katikati kwa kiganja, unaibiringisha, nayo itaruka na kutulia inapotaka. Hii ikaruka, ikatulia ikiangalia kaskazini mashariki. Akaizungusha meza. Fimbo ikaangalia kaskazini mashariki. Akaitoa nje, akaikandamiza kwenye boneti ya pikapu yake, ikaangalia huko huko, ikigongagonga kidogo.

"Mbishi kama mwenye nayo," akasema, akafunga pete kufuata upande huo. Gundi akapaka mara tatu.

Ikawa nafuu, kwa sababu Anti hakujua tena Mikokoni iko wapi. Barabara zote zilikuwa zimepindishwa. Jumatano wakapanda pikapu, na kila njia panda Seelan akasimama, akashuka, akaibiringisha fimbo kwenye boneti, akapanda, akakata kona. Magari ya nyuma yakapiga honi. Fimbo iliwaleta mpaka kwenye uzio wa waya. Nyuma ya uzio kulikuwa na uwanja wa zege, na juu ya zege mabafu meupe ya kuogea, mapya, mamia kwa mamia, yamepangwa kwa mistari.

Mlinzi wa getini, Bhekumuzi, alitoka na daftari lake.

"Bibi, hapa hakuna bahari."

"Ilikuwepo."

"Sawa. Lakini kuvua nako kuna kibali?"

"Havui, anatuma barua," Seelan akasema.

Bhekumuzi akapekua sheria zilizobandikwa ndani ya daftari. Kuegesha kumekatazwa, kuvuta sigara kumekatazwa, kupiga picha kumekatazwa. Barua haikutajwa. "Haya, ila msigonge bafu."

Anti akarusha. Risasi ikapita juu ya uzio, ikaanguka katikati ya mistari miwili ya mabafu, ikaingia kwenye zege kwa sauti ya kuingia majini. Mshipi ukaenda, ukaenda, ukasimama. Seelan akaning'iniza barua. Ikateleza juu ya uzio, ikashuka, ikazama. Bhekumuzi akaangalia saa, akaandika.

Hakuna kilichovuta. Jumatano iliyofuata hakuna kilichovuta. Ya tatu, Anti akakaa juu ya ndoo aliyopewa na Bhekumuzi, fimbo mapajani. Mshipi ulikuwa umelowa chumvi hadi kwenye roda.

"Hivi barua inakwenda kwa nani?" Bhekumuzi akauliza. "Daftari linataka jina."

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Bibi, watu wamejaa huko chini. Ukipiga kelele 'mwenyewe' sokoni si watageuka wote?"

"Anti, posta hawapeleki bila jina," Seelan akasema polepole.

"Nikilitaja nampunguzia siku."

Bhekumuzi akafunika kalamu. "Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na tatu."

"Tangu lini?"

Anti alijipangusa midomo kwa pindo la sari, kama mtu anayetaka kuonja. Kisha akasimama, akauweka mshipi karibu na mdomo.

"Kuppen," akasema.

Sauti ilitoka ndogo, haijawahi kutumika. Akasafisha koo.

"Kuppen! Ni mimi! Walinipeleka Chatsworth!"

Fimbo ikapinda. Ikavutwa mara mbili, ikaachiwa, mara mbili tena. Mkono wa Anti uliokuwa mfupi ukanyooka wote.

"Ni yeye," akasema. "Huwa anavuta mara mbili, kama anabisha hodi nyumbani kwake."

Kisha mshipi ukaanza kutembea. Ulitoka palipokuwa na risasi, ukaja polepole kuelekea kwenye uzio, ukapita kwenye zege bila kuacha alama. Ulipofika ukingoni ukasimama. Ukaenda kulia, mstari mzima wa mabafu, mpaka kwenye ukuta wa kampuni ya jirani. Ukarudi. Ukaenda kushoto mpaka getini. Ukarudi. Anti akaufuata kwa miguu, huku na huku, fimbo mkononi. Seelan naye akafuata, na Bhekumuzi na daftari.

"Anatafuta pa kupandia," Anti akasema. "Tulikuwa tunapandia pale." Akaonyesha palipokuwa na rundo la masinki.

Mshipi ulipita kwenye masinki mara nne. Hapakuwa na ufuko. Saa kumi na moja ukalegea. Anti alipouvuta, juu ya risasi palikuwa na mkizi mmoja, hai, amefungwa mashavuni kwa gome la mkoko. Barua haikuwepo.

Anti akapeleka ombi ofisi za manispaa: apewe tundu moja kwenye zege, upana wa mtumbwi. Hakuomba zaidi. Majibu yalikuja baada ya wiki sita, kwa adabu, yenye muhuri. Yalisema orodha ya uhamisho imeangaliwa, na mwanamke huyo ameandikwa kuwa alikuwa peke yake. Kwa hiyo hakuna mtu anayehitaji kutoka.

Anaenda bado kila Jumatano. Humwita mumewe kwa jina, siku hizi bila kujipangusa midomo, humwambia nani kaoa na nani kazikwa. Hajamwambia kuwa mkewe amezeeka. Mshipi hutembea kulia, hutembea kushoto. Mkizi anayetumwa humpika kwa ukwaju. Uzi wa sari haujaoza.

Jumatano ile ya jina, saa kumi na mbili jioni, mlinzi wa zamu nyingine alikuja kupokea. Bhekumuzi akamkabidhi funguo, tochi na daftari. Mwenzake akapitisha kidole kwenye safu ya majina.

"Kuppen huyu saa ya kuingia hukuandika. Wala ya kutoka."

"Aliingia kabla yetu," Bhekumuzi akasema, akavaa koti. "Yumo bado."

Mwenzake akatazama uwanjani, akaona mabafu, akatia sahihi.