Majani ya Chai Juu ya Majivu

Bosibori alikuwa na mwiko uliowashinda hata Wasabato wenzake wa Rodi Kopany: majani ya chai hayavuki kizingiti chake. Wenzake walikunywa yao kimyakimya wakamwomba Mungu awaelewe. Yeye la! Mgeni akija alipewa uji, au maji ya moto yenye tangawizi, na asiyetaka alikaribishwa akae hivyo hivyo na kiu yake.

Sasa huyo ndiye aliyeletewa mama mkwe kutoka Nyamira, kwenye chai yenyewe. Nyamusi alikuwa Mkatoliki wa rozari shingoni, na vidole vyake vilikuwa vimechuma majani ya chai miaka arobaini. Macho yalipoanza kumsumbua, Monari, mwanawe, alimleta akae na mkewe, maana yeye mwenyewe alikuwa fundi huko Migori na nyumbani alifika mwisho wa mwezi tu. Bibi alishuka na begi moja na mfuko wa majani chai. Vita vikaanza siku hiyo hiyo.

Lakini msema kweli mpenzi wa Mungu: yule bibi alijua kuzoa majivu. Jiko la kuni lilijengwa ndani, pembeni mwa sebule, na chimni ya bati ikipeleka moshi nje. Moshi ulitoka, majivu yakabaki. Na Jeff, mtoto wao wa pekee, wa miaka sita, alikuwa na pumu. Vumbi kidogo tu likimwingia, kifua kinapiga mluzi. Alikuwa amelazwa mara mbili, na mara ya pili daktari hakumung'unya maneno: "Mama, chunga hii kifua. Ikishikwa tena vibaya, mimi sikuahidi kitu."

Basi kila Ijumaa, siku ya maandalio ya Sabato, Nyamusi aliacha jiko lipoe tangu asubuhi. Mchana alichukua majani yake ya chai yaliyokwisha chujwa, yangali na maji, akayatawanya juu ya majivu na kungoja yalowe. Kisha alizoa polepole kwa kibati alichokikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Kila mara alikishusha kibati hadi chini kabisa ya ndoo ya bati ndipo alipomwaga. Kwaru. Kwaru. Akafunika, akatoka moja kwa moja hadi nyuma ya migomba. Hata chembe moja haikupaa.

"Majivu yanalala usingizi wa paka," alikuwa akisema. "Usiyalaze ndani na watu."

Bosibori alisikia? Wapi! Alichokiona yeye ni chai jikoni kwake. Siku moja alitoka sokoni amechoka, akakuta majani meusi yametapakaa mdomoni mwa jiko, na ulimi ukamponyoka. "Mama, hiyo takataka yako sitaki kuiona tena. Achana na jiko langu!" Nyamusi akafuta mikono kwenye leso. "Sawa, mwanangu," akasema, na hakuligusa tena lile jiko.

Wiki tatu baadaye bibi alikufa usingizini. Walimzika Nyamira, kando ya mumewe. Bosibori aliporudi Rodi alibeba mfuko wa majani chai pamoja na kile kibati, akavitumbukiza vyote chooni. Alifanya hivyo kwa haraka, kama mtu anayeficha kitu, na kwa kweli alikuwa anaficha: lile neno alilomrushia bibi juu ya jiko lilikuwa limemkaa rohoni tangu mazishini.

Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi alizoa majivu mwenyewe kwa ufagio. Vumbi lilijaa nyumba mpaka ukutani kalenda haisomeki, na Jeff akavuta dawa yake mara mbili. Jua likazama kabla hajatoa ndoo. Sabato imeshaingia, na kubeba majivu ni kazi, kwa hiyo aliiacha kando ya jiko, akafunga mlango kwa komeo, wakalala.

Asubuhi ndoo ilikuwa nje, nyuma ya migomba, imefunikwa vizuri. Alipofunua, juu ya majivu kulikuwa na tabaka la majani ya chai, mabichi kwa maji.

Alimwendea Dolphine, jirani yake muuza dagaa wa omena, akiwa amefura. "Dolphine, kama ni utani, mimi sipendi utani wa hivyo."

"Mimi? Niamke nikubebee majivu?" Dolphine alicheka. "Mama Jeff, hata yangu hunishinda."

Ijumaa ya pili ikawa vilevile, na komeo lilikuwa bado limefungwa kwa ndani. Ya tatu, vilevile. Ajabu ni kwamba asubuhi hizo sakafu mbele ya jiko ilikuwa safi, haina vumbi hata la kuandikia kwa kidole, na Jeff alipumua bila mluzi. Mtu mwingine angeshukuru. Bosibori alirudi mbio kwa Dolphine.

"Yawa!" Dolphine hakucheka tena alipoambiwa. "Majivu ya jiko yako inatoka na hujui nani anatoa? Dada, mtu akishika majivu yako ameshika nyumba yako. Kuna mtu anataka kukurogea mtoto."

Bosibori alisema yeye haamini mambo hayo, yeye ni wa Bwana. Lakini neno "mtoto" lilimwingia kama mwiba. Jioni alimtazama Jeff akichora mistari kwenye daftari, akaapa kwamba anayetaka kupita na majivu yale atapita kwanza juu ya maiti yake.

Ijumaa ya nne soko lilimchelewesha. Alifika mbio na mbingu imefunga, akachochea moto, akapika chakula cha Sabato, na maharagwe yakakataa kuiva. Jua lilipokaribia kuzama makaa yalikuwa bado mekundu. Angoje yapoe hadi lini? Alizoa yote pamoja, majivu na moto, akayatupa ndooni, akafunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko. Kisha akaifanya ile kazi aliyoiwaza wiki nzima. Aliivuta ndoo mpaka katikati ya sebule, kando ya mkeka wao, mahali asipoweza kufika mtu yeyote bila kumruka. Alifunga dirisha kwa sababu ya mvua, akaziba kwa gunia nafasi ya chini ya mlango, akapiga komeo na kulitia kufuli. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso.

"Mama, mbona ndoo iko hapa?" Jeff aliuliza.

"Tunailinda."

"Nyanya alisema isilale ndani."

"Nyanya amepumzika. Imba."

Waliimba wimbo wa kufungua Sabato, mvua ikigonga mabati hata sauti zao wenyewe hawazisikii. Jeff alisema kichwa kinamuuma, akalaza shavu kwenye paja la mama. Bosibori alipiga magoti aombe. Alianza kumtajia Mungu majina ya watu wa nyumba yake, na alipofika kwa marehemu akasita, na katika kule kusita macho yakawa mazito. Akaona raha ya ajabu. Akaona hakuna haja ya kumaliza.

Kwaru.

Alidhani ni mvua.

Kwaru. Kwaru. Bati juu ya bati, polepole, bila haraka yoyote. Aliijua sauti ile. Kibati chenyewe kilikuwa chooni, alikitumbukiza kwa mkono wake huu. Harufu ya chai iliyolowa ikamjia puani, nzito, na mtu akasema karibu kabisa na sikio lake, si kwa ukali: "Sawa, mwanangu."

Bosibori alifumbua macho. Taa ilikuwa inawaka. Jeff alikuwa amelala chali, mdomo wazi, midomo imepauka. Kifua hakikupiga mluzi. Hakikupiga chochote.

Alitaka kusimama, miguu ikamkataa. Alimshika mtoto kwapani na kutambaa naye kinyumenyume, akitapika, akijua mlango una kufuli na ufunguo uko kwenye leso, na vidole vyake haviwezi kufungua fundo. Mgongo wake haukukuta mbao. Ulikuta mvua. Mlango ulikuwa wazi, gunia limekunjwa vizuri pembeni, na Bosibori akaangukia matopeni na mwanawe kifuani.

"Dolphineee!"

Dolphine alikuja na leso kichwani, "Wololo, yaye!" akampigapiga Jeff mgongoni, akamkalisha, akampulizia pumzi mdomoni. Mtoto akakohoa. Mara ya pili akalia, na Bosibori hajapata kusikia wimbo mtamu kuliko kilio kile. Hospitalini muuguzi alisema ni sumu ya makaa, ile isiyo na moshi wala harufu. "Dakika kumi zaidi," akasema, "tungekuwa tunaongea mambo mengine. Bahati nzuri, jirani yako anasema ulikumbuka kutoa ndoo nje."

"Nani alitoa ndoo?" Bosibori aliuliza.

Dolphine alimtazama. "Si wewe? Mimi nimeikuta nyuma ya migomba niliporudi kukuchukulia nguo. Imefunikwa, na ndani majani chai tupu. Nikashangaa, nikasema leo Mama Jeff ameanza kunywa chai."

Bosibori alifungua pindo la leso. Ufunguo ulikuwa bado umefungwa mle.

Jumapili alienda dukani mwenyewe, mchana, watu wakimwona, akanunua majani chai. Ijumaa iliyofuata aliacha jiko lipoe tangu asubuhi. Alichemsha chai, akachuja, akatawanya majani juu ya majivu, akangoja yalowe. Alizoa kwa kibati kipya, akikishusha hadi chini ya ndoo. Alifunika na kuipeleka nyuma ya migomba jua likiwa bado juu. Ile chai akaimimina kikombeni, akaiweka kando ya jiko, na mlango akauacha bila komeo.

"Mama," alisema, "jiko ni lako. Nisamehe."

Asubuhi alitoka kabla Jeff hajaamka. Ndoo ilikuwa pale pale alipoiacha yeye. Chai ilikuwa imejaa kikombe, imepoa, imefanya utando. Hakuna aliyeigusa, wala hakuna aliyekuja. Ndani mtoto alikuwa akipumua vizuri, na Bosibori akaketi chini mbele ya jiko safi na kumlilia mama mkwe wake, kwa mara ya kwanza tangu wamzike.