Mke Mdogo wa Mzee Bujiku

Mimi Generoza nina domo, sikatai. Kijiji cha Segese kilipotafuta mhudumu wa afya, mwenyekiti alisema mtu wa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza watoto wamekula nini lazima awe hana haya. Watu wote wakageuka kunitazama. Nikapewa mizani ya kuning'iniza ya kupimia watoto, nikaanza kazi.

Nyumba iliyonitoa jasho ni ya Mzee Bujiku. Mjukuu wake Paskazia alikuwa na umri wa kutembea, lakini hata kusimama hawezi. Kutwa uji mtupu, kwa sababu mama yake ana mimba nyingine na maziwa yamemkauka. Na zizi limejaa ng'ombe! Maziwa yote yanaishia kwenye kibuyu cha kusukia samli.

"Mwombe baba mkwe," nikamwambia Esta, mama wa mtoto.

"Mimi? Nianzie wapi, dada?" Akainamisha kichwa. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, seuze kumdai maziwa. Mumewe naye yuko Bulyanhulu anachimba dhahabu.

Basi nikaenda mwenyewe, na shikamoo zangu zote. Nikaeleza kwa upole, nikarudi tena nikaeleza.

"Maziwa ni ya samli, binti," mzee anajibu. Kisha anampakata Paskazia, anamrusharusha. "Mke wangu huyu! Mke wangu mzuri!"

Roho iliniuma, jamani. Mapenzi tele, maziwa hakuna!

Safari iliyofuata nikamkuta na wazee wenzake wanakunywa pombe ya mtama. Aliposema tu "mke wangu," nikapandwa na mori. Nikamnyakua mtoto, nikamfunga mgongoni.

"Unampeleka wapi?"

"Namrudisha kwao! Mume akishindwa kumlisha mke, mke anarudi kwao. Si ndivyo mnavyoamua siku zote? Tazameni miguu ya mke wa Bujiku, wazee wangu, mniamulie."

Nikajua leo nafukuzwa. Mara mmoja wao, Mzee Januari, akaangua kicheko hadi pombe ikamwagika.

"Kesi ipo! Bujiku, umeoa ukasahau kulisha?"

Wazee wote wakaidaka kesi. Kikao kikakaa hapohapo, kwa mzaha, lakini hukumu ilikuwa ya kweli: atoe ng'ombe mmoja wa maziwa, awe wa mke, samli isimguse.

Bujiku alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaishika miguu ya mtoto, akaitazama kwa muda mrefu, na kicheko kikamwisha.

"Yule mwekundu ni wake," akasema. "Kuanzia jioni hii."

Nikaendelea kupita na mizani yangu. Wakati wa kuvuna pamba, mzee akanipokea uani mwenyewe.

"Mwangaluka, wewe domo!" akanisalimu kwa Kisukuma. "Kaa hapo utazame."

Esta akamwachia Paskazia mkono. Mtoto akayumba, akasimama, akaja moja kwa moja hadi magotini kwa babu yake. Esta akapiga kigelegele, akakumbuka baba mkwe yupo, akajiziba mdomo kwa aibu.

"Piga tena, Mama Paskazia," mzee akasema, naye anatazama pembeni kwa heshima. "Piga wasikie mpaka Bulyanhulu."

Akapiga! Mimi nalia, nacheka, sijielewi.

"Haya Generoza," mzee akaniambia, "sasa mrudishe kwao."

Nikainama kumbeba. Lo, uzito! Kiuno kikalia.

"Mzee wangu," nikasema, "huyu abaki hapahapa kwa mumewe."