Mjumbe wa Shibe

Dada yangu Epifania alipoanza kupona, mji mzima wa Sumbawanga ulijua kwamba anakufa.

Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa, maana watu wetu wana ugonjwa wa kusahau na mimi sina. Ilikuwa miaka ya tisini, ruksa ya biashara huria imekolea. Sukari tuliyokuwa tukiipangia foleni tangu alfajiri na kurudi na vikopo vitupu, ikajaa madukani hadi wachuuzi wakawa wanatuita kwa majina tukanunue. Ghala la ushirika, tulilolijenga kwa mabega yetu, likabaki la popo, na mbele yake mtu mmoja mwenye tumbo akafunga mashine ya kukoboa. Hapo ndipo tulipoanza kulishwa weupe wa sembe.

Mfipa alikula ulezi. Ugali mweusi, mzito, ukiumeza unausikia unashuka. Hata mahindi tuliyasaga na ganda lake. Mashine ilipokuja, dona hiyo ikawa chakula cha wafungwa na watoto wa bweni, ulezi ukabaki wa pombe, na mgeni ukimwandalia kitu kisicho cheupe umemtukana. Ganda na kiini vilibaki mashineni, na Masanja mfugaji akawa anakuja na mkokoteni kuzoa pumba. "Ndugu zangu, asanteni," alituambia. "Ng'ombe wangu wanawasalimu." Tulicheka, hatukujua tunachekwa.

Epifania alikuwa mama ntilie karibu na stendi. Mjane, mumewe, Sebastiani, alikufa lori lilipopinduka kwenye mteremko wa kwenda Muze. Alikuwa mnene, na unene wake ndio uliokuwa kibao cha biashara yake. Nani ale kwa mpishi mwembamba? Aliamka kukanda maandazi ya wasafiri wa alfajiri, akalala wenzake wamekwisha ota ndoto mbili, na katikati ya hapo alikunywa chai ya sukari kutwa na kula sembe amesimama, mwiko mkono wa pili.

"Kaka Beda, nakula sishibi," aliniambia siku moja. "Kama ndoo iliyotoboka. Namaliza sahani, njaa iko palepale inanitazama."

Kichwa kikamzunguka akaanguka jikoni, tukampeleka zahanati. Presha. Nesi Asnath, mtu wa maneno machache, safari hiyo alikaa kitako akaeleza. Alisema shibe ina mjumbe wake, kama mjumbe wa nyumba kumi. Anatoka tumboni kupeleka taarifa kichwani, na hapandi gari, anakwenda kwa miguu.

"Wewe unamaliza sahani, yeye ndiyo kwanza anafunga kamba za viatu," alisema. "Mngoje. Na njaa nayo ina mjumbe wake. Ukikosa usingizi, huyo anashinda anagonga milango kama anadai mchango."

"Hao wajumbe mnawaitaje huko kwenu?" nikauliza.

"Homoni. Lakini jina halishibishi, mzee wangu. Ale dona au ulezi, maharage na majani yatangulie, kwa wingi, ale amekaa, aache sukari, alale mapema, atembee."

Epifania alifuata. Maandazi ya alfajiri akamwachia jirani. Kutoka nyumbani Katandala hadi stendi akawa anakwenda kwa miguu, hapakiwi tena kwenye baiskeli. Mara ya kwanza alipoacha chakula kwenye sahani alinijia amefurahi kama mtoto aliyeota jino. "Kaka, amefika! Mjumbe amefika!"

Presha ikashuka. Mwili nao ukashuka. Mifupa ya shingo ikatokeza, na maneno yakaanza.

Nyinyi mlio wadogo hamjui. Miaka ile hakuna aliyekonda bure. Ugonjwa ule haukutajwa jina. Walisema "amekanyaga waya", na wewe ukaelewa. Mjane, amekonda, mumewe alikuwa mtu wa malori: nani angengoja ushahidi? Wateja wakawa wanapita mbele ya kibanda wakitazama upande wa pili, kama vile upande wa pili kuna harusi. Mmoja alimletea kuku, akalia, akaomba asamehewe deni la chai.

"Sielewi," dada alisema. Aliketi juu ya gunia la mkaa, kuku kamshika miguu. "Nilipokuwa naumwa walinisifia: mama Herieth umependeza. Sasa nimepona, wananililia. Kaka, hivi mimi ni mzima au siyo?"

Nilimwambia ni mzima. Lakini nilitazama shingo yake niliposema, naye akaona nilipotazama.

Hayo yote tungeyameza. Lakini Herieth, bintiye, alikuwa amechumbiwa na Evans wa Muze, na siku moja mshenga wao, mzee Kornel, akaja kwangu mimi mjomba mtu, kofia mkononi.

"Huko bondeni wamesikia," alisema. "Shangazi wa Evans, Coleta, ndiye aliyemlea kijana. Anasema kijana wake hawezi kuoa kwenye nyumba yenye msiba ulioketi mlangoni. Atakuja amwone mama kwa macho yake. Akiona vibaya, mahari yarudi, sisi kwa sisi, bila kelele."

Herieth alisikia akiwa nyuma ya mlango. "Mjomba," aliniambia Kornel alipoondoka, "mwambie mama ale. Wiki moja tu. Ale sembe, anywe soda, anenepe, wakiondoka aendelee na majani yake."

Nilipomfikishia, Epifania akasema, "Nikila hivyo nitaanguka mbele ya wageni. Watanizika kabla hawajanawa."

Coleta akaja. Mwanamke mpana, ameshuka kwenye pikapu ya mpunga akihema, magoti yakilalamika kwa sauti. Hakuzunguka.

"Mkwe, mbona umekuwa hivi?"

"Hivi vipi, mkwe?"

"Hivi kama umeme wa Sumbawanga. Upo, haupo."

Hata mimi nilicheka, na nilikuwa nimekasirika. Chakula kikaletwa: ugali wa ulezi, mlima mzima, maharage, majani ya maboga, dagaa. Coleta akatazama ule weusi.

"Kornel, tumekuja kunywa pombe?"

"Ni ugali, mama," mshenga alinong'ona.

"Ulezi! Bibi yangu ndiye aliyekula huu." Akakunja mikono. "Basi kwa desturi yetu anayekaribisha huonja kwanza. Mimi leo naongeza. Ukila tonge, nakula tonge. Ukiacha kabla yangu, nimejua. Mtu mzima anajulikana kwenye sahani."

Nikaona mtego. Herieth naye akauona, maana alianza kukunja khanga vidoleni. Mama yake angetakiwa aumalize mlima ule, au harusi iishie hapo.

Epifania alinawa. Alianza na majani. Akatafuna. Akaja kwenye maharage, akauliza habari za mvua ya Muze. Akamega tonge dogo, akalila, akangoja mdomo uwe mtupu, akauliza mpunga umeuzwaje. Coleta alikuwa ameapa mbele ya watu, basi mkono wake mkubwa ukabaki unaning'inia hewani kila mara, unangoja zamu. Nyumbani kwake angekuwa amekwisha piga sahani mbili. Hapa alisimulia mpunga, akasimulia mafuriko, akasimulia marehemu mumewe, tonge moja kwa hadithi moja.

Mlima ulikuwa bado nusu, dada akavuta bakuli la maji.

"Nimeshiba."

"Unaona!" Coleta akaruka. "Kornel, umeona? Hali! Huyu mtu hali! Tazama mtu mzima anavyokula." Akamega tonge la ukubwa wa ngumi, akalichovya, akalinyanyua. Likafika kidevuni, likasimama.

Tulingoja.

Alilirudisha sahanini. Akashika tumbo lake kama mtu anayepapasa mfuko baada ya kuibiwa.

"Mbona nimeshiba?"

Kornel aliacha kutafuna.

"Mkwe, umeweka nini humu?"

"Ulezi."

"Na nini?"

"Maji."

"Usinichezee. Mimi tumbo hili halijaniambia basi tangu nilipomzika mume wangu. Unga huu una kitu."

Sasa nikachanganyikiwa hasa. Mwanamke alikuja kutafuta waya, akakuta uganga. Tungepona ukimwi, tukafa kwa uchawi! Lakini Coleta hakuwa na hasira. Alimsogelea dada, sauti imeshuka, macho yamelowa.

"Nisikilize, mkwe. Magoti yananiua. Nikilala napumua kama dume la ng'ombe, naamka na njaa kama sikula. Na kumbe huku kukonda kwako ni dawa, siyo ugonjwa! Nigawie, na harusi ipo."

Nilishindwa kuvumilia. "Hakuna dawa!" nilisema. "Ni ganda la nafaka, lile mnalowapa ng'ombe! Ni kula taratibu, ni usingizi! Nesi Asnath alisema—"

"Manesi!" Coleta alinikata. "Wa kwetu aliniambia nipunguze sukari. Nikamwambia, mwanangu, miaka yote ile tumeikosa, leo ipo, ndiyo nipunguze?"

Nikajaza kifua nimpe historia yote, ya ghala na ya mashine. Epifania akanishika mkono, akanitoa hadi uani.

"Kaka, wewe umesema ukweli tangu nikiwa binti. Nani ameula akashiba?"

"Utadanganya?"

"Sijui," alisema. Na kweli alionekana hajui. "Nikikataa, mahari ya Herieth inarudishwa. Nikisema ni dawa, nakuwa mganga. Lakini yule mama anaumwa, kaka. Anaumwa kama nilivyoumwa."

Akaingia ndani, akatoka na unga wa ulezi umefungwa kwenye kitambaa, fundo gumu.

"Mkwe, unga huu una masharti."

"Taja." Coleta alikaa wima kama aliye kanisani.

"Hauliwi peke yake, unatanguliwa na majani na maharage. Hauliwi umesimama. Tonge moja likiwa mdomoni, jingine lisiguse mkono. Na usikutane na sukari, hata kwenye chai."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko. Asubuhi uende mtoni kwa miguu, urudi, usipande chombo cha mtu. Na jirani wa kwanza akizima taa, uwe umelala."

"Nikivunja?"

"Njaa itarudi na ndugu zake."

Coleta akalivuta fundo karibu. "Na ukiisha?"

"Unasagisha mwenyewe. Usikoboe. Mikono yako itakuwa imekwisha zoea."

Kila neno lilikuwa la nesi Asnath, na Coleta aliliweka moyoni kama amri, yeye aliyemcheka nesi wa kwao. Niliondoka nikapige teke ndoo. Kornel alinifuata, akaangalia huku na huku. "Mzee Beda, na wanaume inawafaa?"

Harusi ilifungwa Muze baada ya mavuno. Joto, vumbi, wali sinia kwa sinia. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kuwasema wote. Kwa hasira niliyokuwa nayo, hata bibi harusi asingepona. Ndipo nikamwona Coleta. Gauni limepunguzwa ubavuni, shingo imetokeza, hahemi tena. Amekaa benchi la mbele, na benchi lote liko wazi. Watu wake mwenyewe wamebanana la nyuma kama mihogo guniani, wananong'ona: alikula sahani moja na yule mkwe wake, mnaona?

Epifania akaenda akaketi naye.

"Mkwe, wanasema tunakufa," Coleta alisema.

"Nimesikia."

"Nikiwaambia ni dawa, mimi mchawi. Nikiwaambia siyo dawa, mimi mgonjwa. Niwaambieje?"

"Mimi nilifikiri wewe utanijulisha."

Sinia likawekwa mbele yao, limejazwa makusudi, na Muze yote ikageuka kutazama. Hotuba yangu ikanitoka kichwani. Wale wawili walinawa. Wakaanza na majani. Coleta akamega tonge, akalila, na mkono wake ukabaki juu ya magoti, umetulia, unamngoja mjumbe.