Mkataba Uliosainiwa Ndani ya Eda

Mkataba wa kupanga fremu ya mashine niliusaini nikiwa ndani ya eda. Mume wangu Kondo, Mungu amrehemu, aliniachia mashine ya kusaga nafaka pale kwenye kiwanja cha Mzee Hamoud, Mwananyamala, na mkataba wake ukaisha yeye yuko kaburini. Mie sitoki, na Mzee Hamoud hawezi kuingia niliko. Akamtuma mkewe, Bahiya.

Bahiya alikuja na uji wa pilipili manga, akahakikisha nimemaliza. Tukasoma Yasini. Kisha akatoa karatasi mkobani.

"Mwaka mzima, shoga. Saini hapa."

"Mambo ni kama zamani?"

"Kama zamani."

Nikasaini. Akiba yote ya marehemu ikaingia kwenye kodi ile.

Eda ilipokwisha nilikwenda kufungua mashine. Wateja wakaja na mahindi yao.

"Karibu tena duniani, Bi Mwanabaraka!" mmoja akaniambia. "Tumekula unga wa dukani mpaka tumbo limesahau ugali."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Adhuhuri haijaingia, wakafika vijana wawili wa manispaa. Wakaniamkia vizuri, wakaniambia mtaa umepangwa kuwa wa makazi tu. Duka dogo sawa, mashine hapana. Wenye nyumba walishaelezwa, na tangazo lilisomwa kwenye mkutano wa mtaa. Mkutano wenyewe ulifanyika mie niko ndani, kabla Bahiya hajaniletea ile karatasi. Wakapiga kufuli lao mlangoni.

Nikaenda kwa Nurdin, mwenyekiti wa mtaa, naye akawaita Mzee Hamoud na mkewe. Nilitaka jambo moja tu: Bahiya aseme kwamba hakuniambia. Akisema, kodi yangu itarudi, nitapata mahali pengine pa kuihamishia mashine, hata kama ni mbali kule Kibamba. Asiposema, sina kingine cha kuniweka mjini.

"Mie mkutanoni nilikuwepo," Mzee Hamoud akaanza, tasbihi mkononi. "Mtaa mzima ulikuwepo. Mpangaji asipokuja, kosa langu?"

"Nilikuwa eda, Mzee Hamoud."

Jirani mmoja akadakia kutoka kwenye benchi. "Namhurumia huyu mama, wallahi. Lakini kanzu yangu naianika asubuhi nyeupe, jioni naianua ya kaki kwa vumbi la pumba zake!"

Watu wakacheka. Ni kweli, vumbi lilikuwepo.

Nurdin akamgeukia Bahiya. "Ulipompelekea mkataba, ulimweleza?"

Bahiya akanitazama, macho yamejaa machozi. "Mwenyekiti, mtu mwenye msiba hapelekewi habari mbaya. Hata mwanawe akiugua Kigamboni, anafichwa kwanza. Nilimwonea huruma."

"Kwa hiyo hukumwambia."

"Bahiya," mumewe akasema. Neno hilo moja tu, wala hakupandisha sauti.

Bahiya akainamisha kichwa. "Nilimwambia. Labda kwa msiba hakusikia."

"Mlikuwa na nani?"

"Sie wawili," nikasema. "Na Mungu."

"Mungu siwezi kumwandikia barua ya wito, mama yangu," Nurdin akasema kwa upole. "Yeye anasema kasema, wewe unasema hakusema, na saini ni yako. Labda tulete msahafu, aape."

Nikamwangalia Mzee Hamoud. Hakushtuka, vidole vyake viliendelea na tasbihi. Nikamwangalia Bahiya. Alikuwa anauliza kwa sauti ndogo pa kutawadhia ni wapi. Hapo nikajua ataapa. Atashika kitabu cha Mungu, ataapa uongo kwa kumwogopa mumewe, na kodi yangu haitarudi hata hivyo. Huyu ndiye aliyenifuta machozi siku walipomtoa Kondo nyumbani.

"Msiulete," nikasema.

"Mama, una hakika? Ukikataa kiapo, nitaandika kwamba madai yameisha."

"Andika."

Bahiya akalia kwa sauti. Mzee Hamoud akaaga kila mtu, na mie akaniaga kwa adabu zote.

Njia ya nyumbani inapita pale pale kwenye fremu. Dada mmoja alikuwa amekaa mlangoni chini ya kufuli, na ndoo ya mahindi mbele yake.

"Shikamoo mama. Unafungua saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu."

Nikainama, nikamsaidia kujitwika ndoo yake.